Jicho limepona siku mbili, kidole bado kina gamba. Nani anaziamuru seli?

#1 FundiMageti
Wakuu, salaam.

Jumatatu jioni nilikuwa nakata bomba za geti huku Tabata, miwani nimeipandisha kichwani. Kipande cha chuma kikaruka kutoka kwenye grinda, kikaingia jicho la kulia. Nikashtuka, bomba likateleza, likanichana kidole cha shahada. Kwa hiyo nina majeraha mawili yaliyoanza dakika moja, kwenye mwili mmoja, unaokula ugali mmoja.

Kijana wangu wa kazi alitaka kunitoa kile chuma kwa njiti ya kiberiti, nikamfukuza. Hospitali wakaniwekea ganzi, wakakitoa, wakanipa matone ya antibiotiki. Daktari akadondoshea rangi ya chungwa, akawasha taa ya bluu, akasema kidonda kina upana wa kama milimita mbili. Jumatano asubuhi nimerudi, rangi ikawekwa tena, hakuna kilichong'aa. Kimefunga! Kidole je? Gamba jeusi, nikikikunja kinachuruzika.

Siulizi dawa, nimeshatibiwa. Ninachouliza ni hiki: kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, hakuna mshipa hata mmoja wa damu, kidole kimejaa damu. Sasa nani aliyezipelekea seli za jicho habari kwamba kuna shimo? Na zilijuaje pa kwenda?

#2 Chachandu
Pole fundi. Miwani ya kichwani inalinda nywele tu.

#3 MzeeKipara
Jibu ni jepesi. Jicho lina machozi muda wote, kidole kinakauka. Kidonda kibichi hupona upesi. Uzi ufungwe.

#4 MaabaraNjiani
Usifungwe, mzee wangu, ndiyo kwanza umenoga.

Konea ina unene wa kama nusu milimita. Tabaka lake la nje ni safu tano hadi saba za seli, basi. Ukilikwangua, seli zilizopasuka zinamwaga ATP. Ndiyo, ile ile tuliyokaririshwa sekondari kwamba ni nishati ya seli. Ikiwa ndani ni nishati, ikimwagika nje ni kelele za "mwizi!". Seli jirani zina vipokezi vya kuisikia kelele hiyo, kalsiamu inapanda ndani yao, na wimbi linapita seli hadi seli.

Baada ya hapo, vimeng'enya vilivyo juu ya seli vinakata kichochezi kimoja kiitwacho HB-EGF, ambacho kilikuwa kimening'inia tu kwenye utando wa seli. Kikishakatwa kinaangukia kipokezi kiitwacho EGFR. Hapo ndani ya seli zinaamka njia mbili za ishara, ERK na PI3K-Akt. Seli za ukingoni zinalegeza mshiko wake, zinajitandaza kama chapati, zinateleza kuelekea kwenye uwazi. Kuzaliana kunafuata baadaye, tena nyuma ya mstari wa mbele. Kinachoziba shimo mwanzoni ni seli zile zile za zamani zilizohama.

Kwa hiyo fundi, damu haikuhitajika kupeleka habari. Walioumia ndio waliopiga kelele.

#5 BodaWaMbagala
Yaani ATP ni kama majirani zangu. Ukiwa nao ndani kimya, wakitoka nje mtaa mzima unajua.

#6 UmemeMdogo
Mkuu #4 umeeleza vizuri nani kapiga kelele, ila sehemu ya pili ya swali umeiruka. Kelele ya mwizi inasikika pande zote. Seli zilijuaje ziende kushoto au kulia?

Mimi ni fundi umeme, ngoja niwaambie: konea ni betri. Seli zake zinasukuma chumvi. Sodiamu inavutwa ndani, kloraidi inatolewa nje kwenye machozi, kwa hiyo upande wa ndani unakuwa chanya na wa nje hasi. Tofauti yake ni makumi ya milivolti. Tabaka likiwa zima, hiyo chaji imezibwa. Ukitoboa, umepiga shoti! Mkondo unamiminika kutoka pande zote kuja shimoni, na shimo linakuwa upande wa hasi. Seli za konea zikiwekwa kwenye umeme wa kiasi hicho zinatembea kuelekea hasi, maana yake kuelekea kwenye jeraha.

Hii si chai. Min Zhao na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature mwaka 2006. Walipoharibu jeni la PI3K-gama, seli zikapoteza mwelekeo. Walipoondoa PTEN, ambayo ndiyo breki ya njia hiyo, mwitikio ukaongezeka. Na jambo lenyewe ni la zamani: Mjerumani Emil du Bois-Reymond alipima mkondo wa umeme kwenye kidole chake mwenyewe alichokichana, miaka ya 1840.

#7 Chachandu
Subiri kwanza. Kama kidole cha huyo Mjerumani kilikuwa na umeme, basi hata kidole cha FundiMageti kina umeme. Sasa tofauti ya jicho na kidole umeielezaje?

#8 UmemeMdogo
@Chachandu mimi nimejibu "zilijuaje pa kwenda". La kidole muulize mwenye kidole.

#9 MaabaraNjiani
😂 Kakubana. Ila nakubali, #6 ana hoja. Angalia tu: PI3K anayoitaja ndiyo ile ile niliyoiandika #4. Umeme na EGF, yaani kichochezi cha familia ya HB-EGF, vinaingilia mlango mmoja. Nionavyo mimi, kemia ndiyo inayoamuru na umeme ni usukani.

#10 UmemeMdogo
Nionavyo mimi ni kinyume chake. Umeme unaanza mara tu tabaka linapotoboka, wakati kemia yako bado inakatakata HB-EGF.

#11 FundiMageti
Nashukuruni wakuu. Seli zinatembea kwa kasi gani? Nataka kupiga hesabu.

#12 MaabaraNjiani
Kwa mtu, takriban maikromita 60 kwa saa zikishashika mwendo.

#13 FundiMageti
Milimita 2 ni maikromita 2000. Gawa kwa 60, saa 33 na kitu. Jumatatu saa 11 jioni hadi Jumatano saa 3 asubuhi ni saa 40. Imekubali!

#14 SistaZamu
Fundi, kwenye mageti unapima vizuri, hapa umekosea. Seli zinakuja kutoka pande zote, kwa hiyo kila upande unatembea nusu tu. Maikromita 1000 gawa kwa 60, ni kama saa 17. Halafu ongeza saa 4 hadi 6 za mwanzo ambazo seli zinajiandaa, hazijaanza mwendo. Inawezekana Jumanne saa 11 jioni ulikuwa umeshafunga na hujui.

Mimi ni muuguzi, nimekaa chumba cha macho miaka kadhaa, sasa nipo zamu ya usiku ndiyo maana nawajibu saa hizi. Mambo mawili matatu.

Ulinganifu wako hauna haki. Jicho lako lilibanduka vigae, sakafu ilibaki. Chini ya lile tabaka la nje kuna utando wa msingi, na kwa sehemu kubwa ya kidonda chako bila shaka ulikuwa mzima, seli zikateleza juu yake. Kidole kimechanika hadi kwenye nyama. Pale seli lazima zipite chini ya gamba, zikiyeyusha damu iliyoganda njiani. Barabara ya lami na ya Mbagala ndani ndani wakati wa masika, unazilinganishaje?

Pili, kufunga si kupona. Rangi kutong'aa maana yake tabaka limekutana. Vile vishikizo vinavyozipigilia seli kwenye utando wa msingi vinachukua wiki nyingi kukaa sawa. Usilisugue hilo jicho.

Tatu, chuma hutema kutu. Kikikaa hata usiku mmoja kinaacha duara la kutu kwenye konea, nalo linahitaji kuondolewa. Uliwahi, umeponea hapo.

#15 BodaWaMbagala
Sista, Mbagala umeitaja kwa ubaya, tutaonana.

Swali: mbona mlimpa antibiotiki tu? Mimi niliwahi kuingiwa na mchanga, matone ya ganzi yalinipa raha sana, nikatafuta chupa nzima duka la dawa.

#16 SistaZamu
Na ukaendelea kutia?

#17 BodaWaMbagala
Siku nne. Jicho likazidi kuwa jekundu, nikaacha.

#18 SistaZamu
Mshukuru Mungu uliacha. Ganzi ni ya kutolea uchafu hospitalini, si ya kuondoka nayo nyumbani. Inazizuia seli kutembea na inaua fahamu, yaani neva, za konea. Ukiendelea nayo, kikwaruzo kidogo kinageuka kidonda kikubwa na konea inayeyuka. Nimeona kwa macho yangu, aliyeletwa alikuwa mchomeleaji wa miaka ishirini na kitu.

Na kufunga jicho kwa bandeji kwa kikwaruzo kidogo, watu wamelinganisha, hakuharakishi kupona. Mazoea tu.

#19 MamaKauthar
Mie nina kisa. Mwanangu akiwa na miezi minne alinikwangua jicho kwa ukucha. Mama mkwe akasema nikamulie maziwa yangu mwenyewe jichoni. Nikakamulia. Kesho yake jicho jepesi. Wasomi mnasemaje?

#20 MzeeKipara
Hata sisi tulilelewa hivyo. Wazee hawakuwa wajinga.

#21 MaabaraNjiani
Mtashangaa, maziwa ya mama yana EGF kweli. Mate yanayo, machozi yanayo. EGF yenyewe Stanley Cohen aliipata kwenye tezi za mate za panya. Aliwadunga panya wachanga ule mchanganyiko, wakafumbua macho kabla ya siku zao. Hiyo ndiyo iliyompa Nobel mwaka 1986.

#22 MzeeKipara
Umesema machozi yana EGF? Rudi ukasome #3. Uzi ufungwe.

#23 SistaZamu
@MaabaraNjiani umewapa watu ruhusa usiku huu! Maziwa si dawa safi ya jicho. Yana sukari na vijidudu vya ngozi, na jicho lililobanduka ndio mlango uliofunguliwa. Mate usiseme. @MamaKauthar jicho lako lingefunga kesho yake hata bila maziwa, tumeshapiga hesabu hapo juu. Niulize nikuulize: je, kuna siku baadaye uliamka alfajiri, ukafumbua jicho likauma ghafla kama limechanwa upya?

#24 MamaKauthar
Weee! Umejuaje? Miezi mitatu baadaye, mara mbili. Nikadhani mtoto kanikwangua tena usingizini.

#25 SistaZamu
Ni vishikizo nilivyosema #14. Ukucha unajulikana kwa hilo. Usingizini jicho linakauka, kope inagandana na tabaka lililoshikwa vibaya, ukifumbua unalibandua. Kamwone daktari wa macho, yapo mafuta ya kulainisha ya usiku. Maziwa mwachie Kauthar.

#26 MwanaKilosa
Mnaongelea yanayopona. Mdogo wangu alipigwa na jani la muhindi, kijijini wakamtia maji ya majani fulani, kisha mtu wa duka akampa matone yenye steroidi. Wiki mbili baadaye tunamleta Dar, jicho jeupe katikati. Ilikuwa fangasi. Alitiwa natamaisini, dawa ya fangasi, kwa wiki kadhaa, saa kwa saa mwanzoni. Jicho limebaki, lakini anaona kivuli tu. Chamba kimekaa katikati kabisa.

#27 Chachandu
Pole sana mkuu. Chamba ndiyo mtoto wa jicho?

#28 SistaZamu
Hapana. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani kupata ukungu. Chamba ni kovu la konea, kioo cha mbele. Watu wanakuja na chamba wakiomba "upasuaji wa mtoto wa jicho", inabidi tuanze kueleza upya.

Na @MwanaKilosa, steroidi inazima jeshi la mwili wakati fangasi wanakula. Jicho lililochomwa na mmea halipewi steroidi kienyeji.

#29 FundiMageti
Pole ndugu yangu. Hapo sasa ndipo sielewi. Kwa nini mimi sina chamba na yeye anacho? Ishara si ndizo zile zile?

#30 MaabaraNjiani
Hapa ndipo utamu wa uzi ulipo, vumilieni.

Chini ya tabaka la nje kuna sehemu nene ya konea, kama asilimia 90 ya unene wote. Ni nyuzi za kolajeni zilizopangwa kwa nafasi sawa mno, ndiyo maana mwanga unapita. Humo wanaishi walinzi wachache, seli ziitwazo keratosaiti, zimetulia tuli. Tabaka la nje likiumia linaachia ishara ya hatari iitwayo IL-1. Ikiwafikia walinzi wa karibu, wanajiua wenyewe kwa utaratibu. Wengine wa kando wanaamka kuja kujaza nafasi.

Sasa njoo kwenye kichochezi kingine, TGF-beta. Inatoka kwenye tabaka la nje na kwenye machozi. Utando wa msingi ukiwa mzima, au ukirudi upesi, unaizuia isishuke. Ukiwa umeharibika, TGF-beta inamwagika chini, inawageuza wale walinzi kuwa seli zenye misuli midogo, seli za kovu. Hizo hazina uwazi, na zinamwaga kolajeni ovyo, kama matofali yaliyopangwa na mlevi. Mwanga ukifika hapo unatawanyika. Chamba hicho.

Kwa fundi utando ulisalimika au ulijirudi haraka. Kwa mdogo wake MwanaKilosa fangasi waliukula na kuendelea chini.

#31 UmemeMdogo
Kwa hiyo ishara inayoponya kidole ndiyo inayopofusha jicho.

#32 MaabaraNjiani
Kwa TGF-beta, ndiyo. Kovu kidoleni hakuna anayelijali, wewe unataka nguvu. Jichoni unataka uwazi. Baadhi ya wanaorekebishwa macho kwa leza ili waache miwani hupakwa mitomaisini kidogo kwenye konea makusudi, ili seli za kovu zisizaane.

#33 KakaChokaa
Jina langu limetokana na kazi. Mjomba aliingiwa na chokaa tukipiga rangi ukuta Buguruni. Wenzake wakamfuta kwa kitambaa! Maji yalikuja baada ya nusu saa. Jicho halikuwa na maumivu makali kama ya FundiMageti, tukaona dogo. Leo lina ngozi nyeupe imetambaa juu na mishipa myekundu ndani yake.

#34 SistaZamu
Chokaa na saruji ni alkali, inayeyusha mafuta ya seli na kuzama. Tindikali mara nyingi hugandisha protini za juu ikajizuia yenyewe. Dawa ya kwanza ni maji, mengi, hapo hapo, hata ya ndoo ya fundi kama ni safi, kabla ya kutafuta bajaji. Kutouma sana kulimdanganya, fahamu zilikuwa zimeungua.

#35 MaabaraNjiani
Na mishipa ile ina maelezo yake. Seli mpya za konea zinatoka kwenye seli shina zilizo ukingoni, pale weusi unapokutana na weupe. Zinazaliana pale na kusogea katikati. Mwaka 1983 Thoft na Friend ndio walioweka hesabu ya huo msafara. Chokaa ikiua ule ukingo, chanzo kimekauka, ngozi ya weupe wa jicho inavuka mpaka na mishipa yake. Graziella Pellegrini na wenzake mwaka 1997 waliotesha seli za ukingo wa jicho zima maabara wakapandikiza kwenye lililoungua. Tiba iliyotokana na njia hiyo, Holoclar, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2015. Kwa mjomba, kama jicho la pili ni zima, muulizeni daktari bingwa Muhimbili au CCBRT kuhusu kuhamisha kipande cha ukingo.

#36 MwanafunziSugu
Samahani mkuu, si wote wanakubali kwamba ukingo ndio chanzo pekee. Majo na wenzake mwaka 2008 walionyesha kwa panya kwamba hata katikati ya konea kuna seli zenye uwezo huo.

#37 MaabaraNjiani
Wamepingwa sana, lakini sawa, kwa panya. Mjomba wake KakaChokaa si panya.

#38 KakaChokaa
Asante kwa kumtetea mjomba.

#39 BodaWaMbagala
Swali la kizembe: kwa nini konea haina mishipa kabisa tangu mwanzo?

#40 MwanafunziSugu
Si la kizembe. Mishipa huitwa na kichochezi VEGF. Konea inatengeneza kipokezi bandia kinachoelea, kinainasa VEGF kabla haijafika kwenye kipokezi cha kweli. Chambo tupu. Timu ya Ambati iliandika hivyo mwaka 2006, na wakamtaja nguva kama mnyama ambaye hana hicho kipokezi, na konea yake imejaa mishipa.

#41 MtuWaKilwa
Nguva nimewaona wakinaswa kwenye nyavu tangu utoto, macho yao ni maangavu tu. Msitusingizie.

#42 MwanafunziSugu
Umenikosoa vizuri. Aliyetajwa ni nguva wa Amerika, yule wa mkia wa duara. Wa kwetu wa Rufiji na Mafia ni jamaa yake mwenye mkia uliogawanyika, na utafiti ule ule ulisema wa kwetu konea yake haina mishipa. Hata tembo. Kiswahili kimewapa wote jina moja.

#43 Chachandu
Uzi umeanzia Tabata, umefika baharini.

#44 BintiUpanga
Naurudisha nchi kavu. Shangazi alipata mkanda wa jeshi, ukapiga paji la uso na jicho. Malengelenge yamepona, lakini konea ina kidonda kisichofunga mwezi wa pili, na hakimuumi hata kidogo. Kama ni umeme, anao. Kama ni machozi, anayo. EGF ninyi mnasema imejaa kila mahali. Kwa nini hakifungi?

#45 SistaZamu
Kwa sababu fahamu zimekufa. Konea ina fahamu nyingi kuliko ngozi yoyote, na kazi yake si kuuma tu. Zinazilisha seli kwa viini vyake. Zikifa, seli zinashindwa kujisasisha. Kidonda cha konea kisichouma kinanitisha kuliko kinachouma.

Ipo dawa ya matone ya NGF (kichochezi cha kukuza fahamu), senegemini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2018. NGF ndiyo ya Rita Levi-Montalcini, aliyegawana Nobel na huyo Cohen wa panya. Bei yake usiniulize. Kuna njia nyingine pia, hata kushona kope kwa muda. Mpeleke kwa bingwa wa konea wiki hii.

#46 BintiUpanga
Asante sista. Kesho asubuhi.

#47 UmemeMdogo
Kwa hiyo bosi ni fahamu?

#48 MaabaraNjiani
Seli za konea zikikwanguliwa kwenye sahani ya maabara, hakuna fahamu pale, na bado zinaziba. Fahamu si bosi, ni mpishi wa kambi.

#49 SistaZamu
Kambi isiyo na mpishi ilishinda vita lini?

#50 MzeeKipara
Mimi nina kisukari mwaka wa kumi na mbili. Kweli nilikuja hapa kwa utani, lakini nina kikwaruzo jicho la kushoto wiki ya tatu sasa. Nimesoma mahali kwamba insulini ikidondoshewa jichoni inaponya. Ninayo kwenye friji.

#51 SistaZamu
Mzee wangu, hiyo chupa iache pale pale ilipo!

Ni kweli madaktari wa macho wanatumia matone ya insulini kwa vidonda vigumu, ila yanaandaliwa kwa kipimo, kwa usafi, baada ya kuangaliwa. Kisukari kinafifisha ile njia ya EGFR na PI3K-Akt, na kinakula fahamu pia. Wiki tatu ni nyingi mno. Kwa nini ulikuwa unatuambia uzi ufungwe?

#52 MzeeKipara
Nilitaka kuona kama kuna mtu ataniambia ni machozi tu.

#53 BodaWaMbagala
Mzee upo wapi? Saa 1 asubuhi nakufuata, bure. Sista taja kliniki.

#54 MzeeKipara
Kinondoni. Nakutumia namba faraghani.

#55 UmemeMdogo
Nimesoma uzi wote upya. Bado nasema ni umeme.

#56 Chachandu
@FundiMageti kidole vipi?

#57 FundiMageti
Gamba limetoka nusu, limeacha kaalama kadogo kekundu. Miwani sasa naivaa machoni. Kijana wangu naye nimemnunulia yake, leo nimemkuta kaipandisha kichwani.